Fulana Isiyonuka Jasho

Wanangu wa Jumamosi, mnaokuja kwangu hapa Yeoville, Johannesburg, kujifunza kushona, mmeniuliza swali moja mara nyingi, na kila mara nimelikwepa kwa kuwapa suruali ya kupinda. Mnataka kujua mimi Mama Tatu, mwanamke wa Morogoro, mfupi, mwenye magoti mabovu, nisiyeweza kumkimbiza hata kuku, nilikuwa nafanya nini kwa polisi wa jiji miaka yote ile. Haya, wekeni mikasi chini. Nimeamua kuandika, ili hata wewe Josué unayechelewa kila wiki kwa kisingizio cha teksi usikose neno.

Nilikuwa fundi wa sare. Hawa polisi wa jiji mnaowaona kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakisimamisha magari, na Hillbrow wakibishana na wauza nyanya, hawazaliwi wamevaa. Kuna stoo, na kwenye stoo kuna mtu anayepunguza suruali, anayeshona beji begani, anayebadilisha zipu, anayefua na kutia viraka. Mtu huyo nilikuwa mimi, mpaka nilipostaafu mwaka 2019.

Mume wangu alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka huku Afrika Kusini, aliyekaa kwetu Morogoro. Alinioa akiwa hana kitu ila maneno matamu na jozi moja ya viatu vizuri. Nchi yao ilipofunguka, akarudi. Yeye alirudi, mimi nilikwenda. Tofauti hiyo anaijua aliyewahi kuolewa ugenini. Tulikuja na binti yetu Lindiwe mgongoni. Baba yake alifariki Lindiwe akiwa bado shuleni, nami nikatafuta kazi kwa kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi, yaani sindano.

Jirani yangu Maman Béa, msusi wa Lubumbashi ambaye wengi wenu amewasuka, hakuielewa kazi yangu hata kidogo. Mwanzoni aliwaambia wateja wake kwamba mimi ni mtu wa sherifu, na watu wakaanza kuvuka barabara wakiniona, kwa sababu hapa sherifu ni mtu wa mahakama anayekuja kubeba friji yako ukishindwa kulipa deni. Nilipomweleza ni polisi wa jiji, siyo sherifu, ikawa balaa jingine. Alikuwa ameandikiwa faini kwa kuegesha vibaya, na kila akiniona na koti la kazi alishika kiuno.

"Mama Tatu! Ile franga nililipaka ya amende, njo walikupatia nayo hii koti!"

"Basi njoo ulivae, Béa, tugawane."

Tulicheka, lakini alikuwa amekosea, na nyinyi pia nimewasikia mkisema hivyo hivyo. Mtu aliyenifundisha ukweli wake ni mkuu wangu wa stoo, Ntate Mokoena. Ntate kwa Kisotho ndiyo baba, na hakuna aliyemwita vinginevyo, hata wakubwa wenye nyota begani. Alikuwa mrefu, mkimya, amevaa kofia ya sufu kiangazi na masika. Mimi aliniita Mama Tanzania. Tulizungumza Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake cha polepole. Hapa nawaandikia kwa Kiswahili ili msipate shida.

Siku moja wakati wa chakula alifungua kopo lake la pap, ambayo ni ugali wetu huu huu, akaikata kwa kijiko.

"Jiji lina sufuria moja," akasema. "Kodi za majumba, hela ya maji, ya umeme, inayotoka serikali kuu, faini ya rafiki yako wa nywele, vyote vinaingia humu. Halafu madiwani wanakaa na kugawa. Huyu barabara, huyu zahanati, huyu maktaba, sisi polisi kipande hiki. Hakuna anayekula faini yake mwenyewe."

Kisha akakigawa kile kipande chetu mara mbili. Kimoja ni cha vitu vinavyoisha, kama mafuta ya magari, sabuni, sare na viatu. Cha pili ni cha vitu vinavyokaa, kama magari yenyewe na redio za mawasiliano. Na huruhusiwi kuchota huku ukamwaga kule bila madiwani kukubali. Ndiyo maana kuna mwaka uwanja wetu ulijaa magari mapya yanayong'aa, na askari wakawa wanapanda na viatu vilivyofungwa kamba soli isianguke. Watu barabarani walicheka sana. Waliona wizi. Sisi tuliona vipande viwili vya pap.

Kitu kingine mjue, mwaka wa jiji unaanza mwezi wa saba na kufa mwisho wa mwezi wa sita. Fungu ambalo hukulitumia ni nadra ulione tena. Kwa hiyo mwezi wa sita kila ofisi inaamka usingizini na kununua kama mtu anayefungiwa duka. Mwaka mmoja tukaletewa makoti ya mvua, ya manjano, marundo kwa marundo, mpaka tukakosa pa kupita. Na nyinyi mnaijua Johannesburg, mwezi wa saba hainyeshi hata tone. Ntate aliyatazama yale makoti kwa huzuni akasema, "Mama Tanzania, tuombe mafuriko." Yakumbukeni makoti hayo, nitayarudia.

Alinifundisha mengi yule mzee, na kwa kuwa nyinyi ni mafundi, nawapa yanayofaa. Kiatu cha kazi pima jioni, mguu ukiwa umechoka na kutanuka. Aliyepima asubuhi atalia saa nane. Suruali mpya ya pamba fua kwanza ndipo upinde, la sivyo mwezi ujao askari wako atakuwa amevaa kaptura. Kifungo cha koti kiachie shingo ya uzi kisibane. Na mwanamume akikutajia saizi ya kiuno chake, mshukuru, kisha chukua futi upime, maana anakutajia kiuno cha siku ya harusi yake.

Wanaume Ntate aliwapima kwa futi bila kuwaonea huruma. "Pumua! Usivute tumbo, mimi siyo mkweo!" Stoo nzima ilikuwa inacheka.

Wanawake ilikuwa habari nyingine, nami sikuijua mpaka baadaye, kwa sababu cherehani yangu na kufulia vilikuwa chumba cha nyuma, mbali na kaunta. Ntate alikulia shambani, kwenye nyumba ambayo mwanamume hamgusi binti wa mtu, hata kumtazama sana ni utovu wa adabu. Akija askari wa kike kupimwa, alisimama upande wa pili wa kaunta, akaangalia mkanda wake mara moja, akaangalia dari, akaandika. Na kwa kuogopa kuonekana ametazama sana, aliongeza saizi moja. Saizi hiyo ya nyongeza ilikuwa ni heshima yake.

Kwa suruali haikuwa na madhara, mimi nilikuwepo wa kupunguza. Ila kuna vazi moja ambalo fundi haliingizii sindano, nalo ni fulana ya kuzuia risasi.

Lindiwe aliingia polisi wa jiji akiwa mtu mzima, baada ya kuhangaika na kazi za duka huko Midrand. Nililia siku ya gwaride lake. Nilijivuna na kuogopa kwa pamoja. Kiswahili anakisikia chote, tangu tumbo la mama, lakini ukimsemesha anakujibu kwa mchanganyiko wake mwenyewe. Kaunta alikuwa anakuja kama askari yeyote, anapanga foleni, na Ntate ndiye aliyemhudumia. Hiyo ilikuwa sheria ya stoo: ndugu hampimi ndugu, wala hampi ndugu kifaa. Ni sheria nzuri, ingawa ilinichoma.

Fulana ile ina sehemu mbili. Ndani kuna bamba gumu lenye tabaka za nyuzi zinazozuia risasi. Nje kuna kava ya kitambaa inayovuliwa na kufuliwa. Mimi nilifua kava. Siri ya mtungi muulize kata, na siri ya polisi muulize anayemfulia. Nilijua nani anakula chipsi kwenye gari, nani ameanza kuvuta sigara tena, nani amekumbatiwa na mwenye poda. Sikusema, nilifua tu.

Basi mwaka 2017, majira ya joto yalipoanza, nikashika kava ya Lindiwe. Ilikuwa safi. Sikuielewa. Joto la Johannesburg mchana, mtu amesimama kwenye lami, halafu kava haina hata alama ya chumvi kwapani? Nikainusa. Haikunuka mtu. Ilinuka mpira wa gurudumu na petroli. Ilinuka buti la gari.

Nikazitafuta kava nyingine za wanawake kwenye lile rundo. Nyingi zilinuka hivyo hivyo.

Jumapili Lindiwe alikuja kula. Nilipika wali wa nazi na mchicha, nikamwacha ashibe kwanza, kwa sababu binti mwenye njaa hasikii.

"Fulana yako ya risasi huvai," nikamwambia.

Akaacha kijiko. "Nani amesema?"

"Kava imesema."

Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. "Eish, Mama. Ile kitu ni kubwa. Nikikaa kwa gari inapanda mpaka hapa." Akaweka mkono chini ya pua. "Sioni hata robot. Nikishuka, nikikimbia, inanipiga kama mlango. Na hapa kwa side iko wazi, unaweza kuingiza paka."

"Kwa hiyo unaiweka wapi?"

"Kwa buti."

"Na risasi ikija itakusubiri ufungue buti?"

Akaniambia polepole kwamba siyo yeye peke yake, karibu wanawake wote wa zamu yake wanafanya hivyo, na hawasemi kwa sababu wakisema wataambiwa kazi hii siyo yao. Nilitoa vyombo mezani. Kwetu tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ilikuwa mbaya zaidi, maana nguo ilikuwa ya kwake, amepewa na jiji, na bado haimsitiri.

Siku zile Lindiwe alikuwa anapelekwa kwenye misako ya majengo yaliyovamiwa mjini, ghorofa zisizo na taa. Kila simu ilipolia mchana nilishika moyo. Nawaambia nyinyi mnaolinda mageti Midrand na milango ya maduka Hillbrow, kama mama yako hakuulizi umevaa nini, ujue anaogopa jibu.

Jumatatu nikaitoa fulana yake shelfuni, ilikuwa imerudishwa kwa kufuliwa kava. Nikaigeuza mezani. Kwa jicho la fundi kazi ilikuwa ndogo sana. Kusogeza mikanda ya ubavuni, kukata hapa, kuingiza pale, shughuli ya kikombe kimoja cha chai. Nikachukua kifaa cha kufumulia. Mkono mkubwa ukaja ukatua juu ya fulana.

"Hapana, Mama Tanzania."

"Ni mwanangu, Ntate."

"Ndiyo maana nasema hapana." Akavuta kiti akakaa karibu yangu. "Tundu la sindano likifika kwenye bamba, maji yanaingia na nyuzi zinakufa ndani, huzioni. Na mikanda hii imejaribiwa ilivyokaa. Ukiigusa, mwenye kiwanda hayupo, jiji halipo. Mtoto anabaki na uzi wako peke yake."

Nililia pale pale, juu ya meza ya kukatia. Nimeshona maisha yangu yote. Nimeshonea maharusi, nimeshonea maiti sanda, nimeshona mapazia ya nusu ya Yeoville. Na kitu kimoja ambacho mwanangu alikihitaji ili abaki hai nilikuwa nakiweza na siruhusiwi kukigusa.

Ntate alinipa kitambaa chake cha mfukoni. Alikuwa na hasira pia, ila ya upande mwingine. "Muuzaji ametudanganya," alisema. "Mimi niliandika saizi vizuri. Wametuletea mabaki ya nchi nyingine. Tutawapima wanawake wote upya, na tutamwonyesha."

Fulana zile zinakaa miaka kama mitano ndipo zinunuliwe nyingine, na zetu zilikuwa bado changa. Kusubiri nisingeweza. Lakini Ntate alikuwa anajua mlango. Katikati ya mwaka wa jiji, mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, madiwani wanakaa tena kuirekebisha bajeti: penye kupunguza wanapunguza, penye kuongeza wanaongeza. Huko ndiko unakopeleka shida yako, ila usiende na machozi, nenda na vipimo.

Tukatafuta mahali pa kupimia. Stoo haikuwa na chumba cha faragha, na hapo ndipo yale makoti ya mvua yalipopata kazi. Niliyaunga kwa pini, nikayatundika kwenye kamba kutoka shelfu hadi shelfu, tukapata kibanda cha manjano kinachonuka plastiki. Wanawake wakaja kwa zamu. Niliwapima nikiwa nao peke yangu, futi mwilini, siyo juu ya koti. Tulicheka humo ndani! Mmoja aliniambia ni mara ya kwanza kazini mtu kumuuliza kama inambana. Vipimo nilimsomea Ntate kwa sauti, naye nje ya pazia aliviandika kwenye ubao, amegeuza mgongo kabisa.

Akabaki Lindiwe. Na ndugu hampimi ndugu.

Nilitoka nje ya pazia nikampa Ntate futi. Aliitazama kana kwamba nimempa nyoka. "Hakuna mwingine?" aliuliza. Hakukuwa na mwingine mwenye ruhusa ya kupima siku hiyo.

Lindiwe alimwelewa kabla yangu. Akainua mikono juu, akaangalia dari kama Ntate alivyozoea kuangalia, akasema kwa Kisotho, "Mimi ni mjukuu wako, Ntatemoholo. Pima." Ntatemoholo ni babu.

Mzee alipima. Nilisimama pembeni kama shahidi. Alishika futi kwa ncha, kama mtu anayeokota kaa la moto. Akasoma namba. Akasoma tena. Akageuka kuangalia saizi iliyoandikwa ndani ya fulana, ile ile aliyoiandika yeye mwenyewe alipoagiza. Kisha akaenda kwenye ubao, akatazama zile namba zote nilizomsomea, moja baada ya nyingine.

Akakaa kwenye boksi la viatu. Akavua kofia ya sufu, na mimi sikuwahi kukiona kichwa chake, kilikuwa cheupe chote.

"Muuzaji alileta nilichoandika," akasema.

Wanangu, nilimpenda yule mzee. Alinipokea nikiwa mjane nisiyejua kusema vizuri, akanifundisha kazi bila kunidharau hata siku moja. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nikamwambia hakuna haja ya kueleza nani aliandika nini. Tuseme tu hazitoshi, tunaomba nyingine, basi. Nilimaanisha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, akavaa kofia yake, akarudi kwenye kazi.

Madiwani wa kamati ya usalama walikutana kwenye chumba chenye zulia na chai. Mkuu wetu wa idara alizungumza vizuri, akaonyesha haja, na mimi na Ntate tuliitwa kuleta mfano. Kulikuwa na diwani mmoja mwanamke, mdogo wa mwili, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akauliza kwa nini fulana zilizonunuliwa juzi tu zinakataliwa leo. Ntate akamwomba, kwa heshima, aivae moja. Akavaa. Amesimama, alionekana sawa.

"Sasa kaa, Mama, kama uko kwenye gari."

Akakaa. Fulana ikapanda, ikameza kidevu, ikafika midomoni. Aliendelea kuuliza swali lake humo ndani na sisi tukasikia mvumo tu. Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye mwenyewe mabega yalikuwa yanacheka. Kisha akajaribu kugeuza shingo kuangalia upande, kama dereva anavyoangalia, akashindwa. Kicheko kikaisha chenyewe.

Mwenyekiti akauliza, "Nani aliwapima hawa askari?"

Ntate alisimama. Nilimvuta koti, akautoa mkono wangu taratibu.

"Mimi. Niliona haya kuwagusa watoto wa watu, nikawapima kwa macho, na macho nayo niliyaonea haya. Nilidhani nawaheshimu."

Yule diwani alikuwa bado amevaa fulana, ameishusha kwa mikono miwili ili aweze kusema.

"Ntate, mama yangu angekupenda sana," alisema. "Lakini mabinti zetu inabidi warudi nyumbani. Wapime tena."

Sijui kama nimewahi kusikia mtu akikosolewa kwa upole kiasi kile. Ntate aliinamisha kichwa, na mimi nilikuwa nalia tena, kwenye zulia la watu.

Walikubali, lakini sufuria ni ile ile moja. Zilipatikana za nusu ya wanawake kwanza; nusu nyingine zingeingia kwenye mwaka mpya, kuanzia mwezi wa saba. Zile za kwanza zikaja. Nani aanze? Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana sikujiamini. Ntate aliweka kipimo rahisi. Kila mwanamke avae fulana yake ya zamani, aingize mkono ubavuni. Ikipita ngumi, anapata leo. Vikipita vidole tu, anasubiri.

Lindiwe ana mabega ya baba yake. Vilipita vidole.

Nilimchukia Ntate siku nzima. Sikumpa chai. Lindiwe akaja pale kwenye ngazi, akakaa, akanilalia begani na sare yake yote.

"Mama, it's sharp, iko sawa. Wadogo kwanza. Ningekuwa Ntate ningefanya hivyo."

"Basi nivalie ile kubwa. Kwa hii miezi tu."

"Nitajaribu, Mama."

Nitajaribu. Mtoto akisema hivyo, mama anajua. Kava yake iliendelea kuja ikinuka buti, siyo kila mara, lakini mara nyingi. Nilifua nikinyamaza. Nilikuwa nikimaliza kazi napita kanisani kwa kina Maman Béa, mimi Mwislamu wa Morogoro, nakaa nyuma kabisa. Béa hakuniuliza kitu. Alinisukuma tu kidogo akakaa karibu yangu, na tangu wakati huo hakutaja tena faini yake.

Ntate alistaafu kabla ya zile nyingine kufika. Kwetu stoo kuna desturi: anayeondoka anarudisha kila kitu cha jiji, na fundi anafumua jina lake kifuani ili vazi liende kwa mwingine. Nilifumua jina lake uzi kwa uzi, polepole kuliko kazi ilivyotaka. Kile kitambaa chenye jina nikampa mkononi. Yeye akanipa futi yake.

"Zikija," aliniambia, "kwa yule binti mwite mtu wa kaunta nyingine ampe. Wewe usivunje sheria baada ya kuishika muda wote huu."

"Na wewe, Ntate, pole kwa yote."

Neno hilo nilimfundisha mimi. Alilipenda, alisema kwao hakuna neno moja linalobeba mzigo kama huo. "Pole na wewe, Mama Tanzania," akasema, akatoka na kofia yake, kwenye baridi.

Fulana zikaja mwezi wa nane. Nilikaa ndani kwenye cherehani yangu, nikasikia mtu wa kaunta anaita jina la Lindiwe, nikasikia mikanda inabanwa, inafunguliwa, inabanwa tena. Hakuja kunionyesha. Alikuwa zamu. Nilisikia tu mlango wa gari unafungwa uwanjani na gari linaondoka.

Msinisubirie hadithi ya risasi, wanangu. Alhamdulillahi, mpaka leo hakuna aliyempiga, na naomba fulana ile izeeke bila kujulikana kama ilikuwa nzuri au mbaya. Kazi yetu nyingi ni hivyo. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea.

Ila wiki iliyofuata rundo la kufua liliingia, na ndani yake kava yenye jina lake, mpya. Nilifunga mlango. Ilikuwa imelowa na kukauka, imelowa na kukauka, kwapani kuna michirizi myeupe ya chumvi, kwenye ukosi alama ya shingo. Niliiweka usoni. Ilinuka mwanangu, alivyokuwa ananuka akitoka kucheza, nikimbeba. Wenzangu wakawa wanagonga, mashine inasubiri. Niliwaambia wasubiri kidogo, hii nitaifua kwa mkono.